Kicheko cha Ukingoni

Mtu akianguka majini mbele ya macho yetu, sisi tulio ukingoni hucheka kwanza, kisha ndipo huulizana kama ameumia. Utaratibu huu ni wa watu wote, wema na wabaya, wasomi na wasiosoma, wala sikumbuki kuona kundi la watu lililougeuza. Swali ninalotaka kuliuliza katika kurasa hizi ni dogo kwa sura: je, kicheko kile ni kosa? Na kama si kosa, ni wapi huanza kuwa kosa? Nimelichukua swali hili mahali nilipolipata, yaani penye bwawa dogo la samaki, nami namwomba radhi msomaji aliyezoea kuona mambo ya falsafa yakiletwa kutoka mahali pakubwa zaidi.

Bwawa lenyewe lilikuwa chini ya milima ya Usambara, upande wa Korogwe, katika kijiji kilichozungukwa na mashamba ya mkonge. Nchi ile ina haki ya kutajwa katika habari za mabwawa, kwa kuwa ni Korogwe, pamoja na Malya, upande wa Mwanza, ambako majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949. Baadaye mabwawa yalichimbwa kwa wingi katika nchi. Mengi yalikuwa madogo kama ua wa nyumba, na mengi yalikufa kwa kukosa maji au kukosa mtu wa kuyatunza. Letu lilikuwa mojawapo ya hayo madogo, ila halikufa upesi. Mtu mzima aliweza kulizunguka kabla sigara yake haijafika nusu. Lilipata maji kwa mfereji kutoka kijitoni, lilitiwa samadi na pumba, na kila jioni, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanaume na wavulana waliketi kando yake wakiwa na fito zao, mishipi yao, na makopo ya nyungunyungu.

Perege ni samaki mwenye uzazi mwingi. Jike hulea mayai kinywani mwake, na vitoto vikisha kutoka hukimbilia humo tena vionapo hatari; kwa hiyo wengi hupona, na bwawa lisilovuliwa vya kutosha hujaa samaki waliodumaa. Ndivyo lilivyokuwa letu. Lilikuwa na perege wengi wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mtaalamu huiona hali hiyo kuwa hasara. Kwetu ilikuwa chemchemi ya furaha, maana ni michezo michache ichekeshayo kama kuwatazama watu wazima kumi walioketi jioni nzima kwa heshima na ukimya, wakimngoja samaki asiyeweza kuchafua sufuria. Ili kupunguza vitoto wakatiwa kambare, kwa kuwa kambare huvila. Kambare wakanenepa, wakawa wafalme wa tope, na kila mvuvi akapata hadithi ya kambare mmoja aliyemponyoka. Kama hadithi zile zote zilikuwa kweli, kambare walioponyoka wasingeenea bwawani hata wangepangwa kama kuni.

Kambare mmoja nusura aharibu ujirani wa nyumba mbili. Samaki huyu ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa, kwa hiyo huweza kuishi nje ya maji muda mrefu maadamu mwili wake una unyevu, na usiku wa mvua huweza kujikokota juu ya majani akahama makazi. Hayo niliyasoma nilipokuwa mtu mzima. Wakati ule kijijini petu hapakuwa na aliyeyajua isipokuwa kambare. Fundi cherehani mmoja alimvua mkubwa wa kupigiwa mfano, akamtia katika ndoo, na ndoo akaiacha nje ya mlango ili wapitao asubuhi wamwone. Usiku mvua ikanyesha. Kulipokucha ndoo ilikuwa imejaa maji matupu. Fundi akamshitaki jirani yake kwa balozi wa nyumba kumi, naye jirani, kwa bahati mbaya, alikuwa amepika samaki siku hiyo hiyo. Shauri lilisikilizwa siku mbili. Mashahidi walinusa sufuria. Mshitakiwa alileta vichwa vya dagaa ndani ya karatasi viwe ushahidi wake. Siku ya tatu watoto walimkuta kambare katika mfereji wa maji machafu nyuma ya nyumba ya fundi mwenyewe, akiwa hai na mwenye hasira. Balozi aliamua kambare aliwe na mdai na mdaiwa katika sahani moja, na tangu siku hiyo kila aliyemwamkia fundi alimwuliza pia hali ya ndoo.

Kulikuwa na mwalimu wetu wa hesabu, mtu wa suruali iliyonyoshwa, ambaye jioni moja alisimama ukingoni akatueleza sisi wanafunzi wake kwamba mtu huanguka majini kwa sababu ya kutojua mahali pa kuuweka uzito wake. Kabla hajamaliza maneno hayo ukingo ulimeguka. Alizama hadi kifuani, kofia ikabaki ikielea, na alipoinuka aliumaliza usemi wake kutoka majini kwa sauti ile ile, kama mtu aliyehofu kwamba jambo hilo litaulizwa katika mtihani. Tulimcheka mpaka tukashika mbavu, naye akacheka kuliko sisi. Mimi sioni kosa katika kicheko kile. Tulimpenda zaidi baadaye, na hata hesabu zake zikawa nyepesi kidogo.

Walikuwako vilevile wazee wawili ambao nitawarudia mbele. Mmoja alikuwa Mnyamwezi aliyekuja ujanani kukata mkonge, katika wale walioitwa manamba. Mkonge uliletwa katika nchi yetu na Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yake yalivuta watu kutoka kila pembe. Wengi walikuja kwa mkataba wa muda, wakazeekea huko huko bila ya kurudi kwao. Wa pili alikuwa seremala wa Kizaramo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara ya kwenda pwani katika karne ya 19, na wazee hawa waliutimiza utani huo kila jioni kama watu waliouahidi kwa kiapo. Siku moja mshipi wa Mnyamwezi ulikatika alipokuwa akiuvuta kwa nguvu zake zote, akaenda kinyumenyume hatua tatu, akaangukia upande wa pili ambako mfereji uliingia bwawani. Mzaramo akapiga ukelele: “Mwacheni anywe, kwao hakuna maji!” Huku akisema hivyo alikuwa tayari majini hadi kiunoni, na nguo zake zote, mikono yake i kwapani mwa mwenzake. Alimtukana tangu ukingoni mpaka mahali alipokuwa, na kutoka mahali pale mpaka ukingoni.

Yote haya nimeyasimulia kwa furaha, kwa kuwa yalikuwa furaha. Limebaki moja.

Miaka ile mashamba ya mkonge yalikuwa yamedhoofika. Bei ilikuwa imeanguka tangu zamani, kwa kuwa nyuzi za viwandani zilichukua mahali pa kamba za mkonge katika soko la dunia, na watu waliondolewa kazini. Alasiri moja akaja bwawani mtu mgeni, si kijana wala si mzee, na mshipi uliozungushwa juu ya kijiti, pasipo ufito. Alitoa salamu, akaenda kuketi peke yake upande wa matete. Jua lilipokaribia kuzama, mshipi wake ulikaza. Akavuta taratibu, na kambare wa urefu wa mkono akapanda ukingoni. Kambare hana magamba. Kumshika kwa mikono mitupu ni kama kushika sabuni iliyokasirika. Yule mtu akamkumbatia, akamponyoka. Akamkumbatia tena, wakazunguka pamoja kama wachezao ngoma, kisha wote wawili wakatumbukia. Akapiga magoti ndani ya tope, akaingiza mikono kila shimo, akawa akimwita samaki kwa maneno: “Rudi, bwana! Rudi!”

Tulicheka. Mtu mmoja aliketi chini kwa kicheko, mwingine alifuta machozi. Yule mgeni alikaa majini muda mrefu, mrefu kuliko jambo la kuchekesha linavyohitaji, akaendelea kupapasa hata giza likaanza kuingia, nasi tukaendelea kucheka. Alipotoka alitutazama, naye akacheka. Akakamua shati lake, akauzungusha mshipi kijitini, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Hakurudi tena. Wiki iliyofuata nilimwigiza shuleni, magoti yake, mikono yake na “Rudi, bwana!” yake, na nilisifiwa sana kwa kipaji changu, wenzangu waliniomba nirudie, nami nilirudia mara nyingi. Baada ya siku kama kumi na nne nikamsikia mama akizungumza na jirani. Mtu yule alikuwa akiishi katika kambi tupu ya shamba la mkonge, na mkewe alikuwa amejifungua karibuni. Hawakuwa na kitoweo. Jioni ile alikuwa amemwambia mkewe aweke chungu motoni, kwa maana hatarudi mikono mitupu. Walikuwa wamekwisha kuhama, na jirani hakujua walikokwenda.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo nilitafuta msaada kwa wale waliofikiri juu ya kicheko kabla yangu. Plato, katika Philebus, anasema kwamba tunapoyacheka mapungufu ya rafiki zetu huchanganya raha na husuda. Thomas Hobbes, katika maandiko yake yaliyotolewa miaka ya 1650 na 1651, anasema kicheko ni fahari ya ghafula, ambayo mtu huipata ajionapo bora kuliko mwingine. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900, anasema kicheko hakiji ila moyo utiwe ganzi kwa kitambo kidogo. Niliwasoma wote kama mshitakiwa asomaye sheria. Hobbes alinieleza habari ya fundi na ndoo yake. Lakini hanielezi habari ya mwalimu, maana hapana mtoto aliyejiona bora kuliko mwalimu siku ile, bali tulimwona amekuja karibu nasi. Bergson alinieleza sauti yangu mwenyewe nilipokuwa nikiigiza. Yuko pia Plutarch, aliyetaja kauli ya Bion kwamba watoto huwapiga vyura mawe kwa mchezo, lakini vyura hufa kweli. Hiyo ingemhusu samaki, nami nakiri kwamba sijawahi kumwuliza samaki neno lo lote, namla bado.

Aliyenisumbua zaidi ni Aristotle. Yeye asema kwamba kichekeshacho ni kasoro isiyo na maumivu wala maangamizi. Kipimo hiki ni kizuri, na watu wengi hukiridhia upesi: cheka, mradi pasiwe na maumivu. Lakini ni nani apimaye? Sisi tuliokuwa ukingoni hatukuona maumivu yo yote. Tuliona mtu mzima akimwita kambare kwa heshima ya “bwana”. Tena mtu mwenyewe alicheka, na kicheko chake tulikipokea kama hati ya kutuachilia. Leo najua kwamba mtu aliyeaibika mbele ya wageni hana nguo nyingine ya kujifunika isipokuwa kucheka pamoja nao. Basi maumivu hujificha mahali pale pale tunapoambiwa tuyatafute, na kipimo cha Aristotle, kwa mtu asimamaye mbali, hakipimi kitu.

Labda msomaji atasema: ikiwa ni hivyo, hatutacheka kamwe, maana mtu hawezi kwanza kuuliza habari za nyumbani kwa kila ajikwaaye. Neno hilo ni kweli. Kicheko cha kwanza huja kama chafya, kabla ya akili kufika. Sidhani kwamba mtu awaye yote aweza kuhukumiwa kwa ajili yake. Sijilaumu kwa kucheka wakati yule mtu na kambare wake walipokuwa wakizunguka. Lakini alikaa majini. Kulikuwa na muda, tena mrefu, ambao kicheko cha kwanza kilikwisha kwenda na cha pili kilihitaji kuitwa, nacho tulikiita. Kisha mimi nikakiita siku nyingine saba, darasani, mbali na bwawa, kwa hiari yangu. Watu wa kale walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na aghalabu tunaelewa kwamba usaha huo hutunga kwa yule aliyetaniwa. Wangu umetunga kwangu.

Hapo ndipo ninapowarudia wazee wangu wawili. Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala mashuhuri juu ya utani, na wanafunzi wetu huijua kauli yake kuu: kwamba mtani mmoja huruhusiwa, na pengine hulazimishwa, kumdhihaki mwenzake, na huyo mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Katika mitihani naisoma kauli hiyo kila mwaka, imeandikwa vizuri, na kila mwaka naona majibu mengi yakiishia hapo, kana kwamba utani ni leseni tu. Nusu ya pili husahauliwa. Mtani ana kazi msibani. Yeye huchimba, hubeba, huamuru mambo wakati wenye msiba hawana nguvu ya kuamuru, na katika hayo yote hapunguzi mzaha wake.

Mnyamwezi alikufa kabla sijamaliza shule ya msingi. Hakuwa na mke wala mtoto kijijini petu, na kwao palikuwa mbali sana. Siku ya maziko, jeneza lilipotolewa nyumbani, Mzaramo akajilaza kati ya njia, akasema kwamba marehemu hatapita mpaka alipe kambare watatu aliomkopa, na kwamba ni desturi ya Wanyamwezi kukimbia madeni kwa kisingizio cha kufa. Watu walicheka, na waliokuwa wakilia wakacheka huku wanalia. Wazee wakachanga shilingi chache wakampa. Akazihesabu polepole, akalalamika kwamba hazitoshi, akaondoka njiani. Ndiye aliyekuwa amechimba tangu alfajiri. Kaburini alishuka yeye kumpokea, akaupokea mwili kwa mikono miwili chini ya mabega, namna ile ile niliyomwona akifanya mferejini, na bado akinong'ona matusi ambayo sisi wengine hatukuyasikia vizuri.

Nikiwaza juu ya mgeni wa mshipi usio na ufito, sioni kwamba tulimkosea kwa kumcheka kama mtani amchekavyo mtani. Tulitumia haki ya mtani, tena yote, hata tone la mwisho. Lile jukumu hatukuligusa. Watu kumi na watatu tulikuwa ukingoni; nilitosha kuhesabu, kwa kuwa nilikuwa mtoto, na watoto huhesabu. Wengine walikuwa na perege katika makapu yao, wadogo, ni kweli, lakini perege. Maji yenyewe yalikuwa ya kiunoni. Kama mmoja wetu angeingia topeni huku akicheka, akamshika mkono, akampa ngumi ya bega na perege wawili watatu waliodumaa, sidhani kwamba leo ningekuwa na la kuandika. Angecheka naye, na pengine angekuja kesho yake, tungejua jina lake, na mtu angemwuliza kila jioni habari za kambare kama fundi alivyoulizwa habari za ndoo. Hatukuhitaji kujua habari za chungu kilichokuwa motoni. Miguu yetu ingalitosha.

Nimekwisha kulijaribu wazo hili kwa wenzangu wa idara, na mmoja alinipinga kwa hoja ambayo bado sijaishinda: kwamba kuna watu ambao msaada huwaumiza kuliko kicheko, na huenda mgeni yule alikuwa mmoja wao, mwenye kupenda zaidi kuondoka na aibu yake kuliko kuondoka na samaki wetu. Yawezekana. Aliaga kwa adabu nyingi. Lakini kwa kuwa hatukumpa nafasi ya kukataa, hoja hii naweza kuisikiliza, siwezi kujificha ndani yake.

Miaka michache iliyopita nilipita kijijini. Sehemu ya juu ya bwawa imekuwa shamba la magimbi. Ya chini bado ina maji, na watoto wanavua. Nilisogea kutazama, nikiwa na viatu vya mjini, na ukingo ule haukuwa umejirekebisha tangu siku za mwalimu wa hesabu. Niliingia hadi magotini. Watoto waliangua kicheko ambacho nadhani kilisikika barabarani. Mmoja wao, mvulana wa miaka tisa au kumi, alishuka akicheka vivyo hivyo, akanishika kifundo cha mkono, akasema, “Shikamoo, baba, njoo huku pana jiwe,” akanitoa. Kiatu changu kimoja kilibaki topeni. Aliingia tena, akapapasa, akakiopoa, akakishika juu wenzake waone, kisha akanidai shilingi mia tano. Nilimwambia ni ghali. Akasema basi atakirudisha alikokitoa.